Pengo Katika Safu ya Mbele

Hakuna aliyejua pengo lile lilianza siku gani hasa. Aliyeliona kwanza alikuwa Sajini Meja Mikidadi Shaban, na aliliona asubuhi, jua limeshapanda, kwenye uwanja mweupe usio na mti wa kumpa mtu kivuli wala kisingizio.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1950, mjini Nachingwea. Mradi wa karanga ulikuwa umeanza kulegea na matrekta mengi yamesimama yakiota kutu, lakini wageni hawakupungua. Kila mgeni mkubwa aliyeshuka kwenye ndege alipokewa kwa gwaride la heshima. Waliosimama gwaride hilo ni walinzi wa mradi, karibu wote askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliorudi salama kutoka Burma, na aliyewafundisha ni huyu Mikidadi, mtu wa Ruponda, mfupi, mpana wa kifua, mwenye sauti iliyosikika mpaka stesheni.

Asubuhi hiyo alipanga safu mbili kama kawaida, akarudi nyuma kuzitazama. Kati ya mtu wa tatu na wa nne wa safu ya mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Akaamuru wabanane, wakabanana, vumbi likatimka. Akatembea mpaka mahali pake, akageuka. Nafasi ilikuwa palepale.

Akamwendea aliyesimama kando ya pengo, Koplo Augustino Nandonde, Mmakua wa Masasi, mtu asiyependa mzaha kazini.

"Koplo, umelala?"

"Hapana, afande."

"Basi banana na mwenzako wa kushoto."

Augustino hakugeuza kichwa. Alisema kwa sauti ya chini, midomo ikifunguka kidogo tu, "Nimebanana naye, afande. Kiwiko changu kinamgusa."

Mikidadi alikitazama kiwiko kile. Kilikuwa kimetokeza nje kama kinavyotokeza kiwiko cha mtu anayepimia mwenzake, nacho kimeegemea hewa. Aliwatawanya mapema siku ile, akawaambia joto limezidi.

Kwa haki, Mikidadi alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo ilikuwa imening'inia kifuani mwake.

Katika Batalioni ya Thelathini na Sita alikuwa koplo chini ya Sajini Jumaa Mbaruku wa Mtua. Jumaa alikuwa mrefu, mcheshi, mtu ambaye hata akichelewa watu hufurahi kwamba amefika. Kwenye bonde la Kabaw, mvua ikinyesha kama itakayo kuumaliza mwaka, Jumaa aliingia mara mbili kwenye kijito kilichokuwa kikipigwa risasi, akatoka kila mara na mtu mgongoni. Mtu wa pili alikuwa Mikidadi. Kwa kazi ile Jumaa aliandikiwa nishani ya fedha ya ushujaa, lakini kabla haijafika alipigwa shingoni, akafa asubuhi. Walimzika kwenye tope, upesi, adui akiwa karibu. Hapakupigwa tarumbeta, hapakutolewa saluti. Walimfukia wakaondoka mbio.

Nishani ilikuja kwa posta baada ya vita, ndani ya kisanduku, ikapokewa na mjane wake, Mwantumu binti Kaimu. Mikidadi ndiye aliyekwenda Mtua kumweleza alivyokufa mumewe. Alikwenda mara ya kwanza kueleza, mara ya pili kusalimia, na mara nyingine hakuwa tena na la kueleza wala kusalimia, akaposa. Eda ilikuwa imekwisha zamani. Mwantumu alikubali. Wakaja kukaa Nachingwea, kwenye nyumba za walinzi, pamoja na Zaitun, binti aliyeachwa na Jumaa angali mchanga.

Ilikuwa ndoa nzuri kwa macho ya watu. Mwantumu alikuwa mpishi hodari na mwenye maneno ya kuchekesha, na akimtania mumewe alimwita Afande: Afande, maji yako tayari, Afande, kuku wa jirani wameingia kwenye ufuta, watolee amri. Mikidadi alicheka. Lakini kulikuwa na jina moja alilolingoja na halikuja. Majirani walimwita Baba Zaitun, wauza samaki walimwita Baba Zaitun, naye mkewe hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Jina hilo lilikuwa la mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa amelirudisha.

Halafu kulikuwa na Novemba. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka askari waliokufa, walikusanyika uwanjani. Mabwana wakubwa walivua kofia. Karani Stefano alisoma majina. Tarumbeta ikapigwa, watu wakanyamaza kimya kile kizito, shada la maua likawekwa. Kila lilipotajwa jina la Jumaa Mbaruku, Mwantumu aliyekuwa kando pamoja na wanawake alijifunika uso kwa kanga. Na Mikidadi, aliyesimama mbele ya safu, mkono kwenye kipaji, aliyevuka maji yaleyale na kula tope lilelile, alijiuliza kimoyomoyo ni nani atakayewahi kuvua kofia kwa ajili yake, na kama mkewe angelia vile. Wivu wa kumwonea mtu aliye hai una dawa, utagombana naye au utamshinda. Wivu wa kumwonea maiti hauna pa kwenda. Humrudia mwenyewe.

Mwezi ule wa Oktoba, Mwantumu alikitoa kisanduku akampa nishani.

"Ivae kwenye magwaride," alimwambia. "Imekaa gizani vya kutosha. Wewe ulikuwapo."

Sheria kila askari wa Keya aliijua. Nishani yako huvaliwa kifua cha kushoto. Ya marehemu wako huvaliwa cha kulia, ili kila akutazamaye ajue kwamba heshima ile si yako, umembebea mtu. Mikidadi alisimama mbele ya kioo. Aliipachika kulia, akaitazama. Kisha akaichomoa, akaipachika kushoto, juu ya zile zake za shaba ambazo kila mtu alikuwa nazo, na kwa mara ya kwanza tangu vita viishe aliona kwenye kioo mtu anayefanana na vile alivyotaka kuwa.

Siku mbili tatu baadaye pengo likaonekana.

*

Mgeni wa kwanza kulikuta alikuwa bwana mmoja kutoka London, mtu wa Bunge lao, mrefu, mwekundu kwa jua. Kapteni wa walinzi alimtembeza mbele ya safu, Mikidadi nyuma yao, na karani Stefano pembeni kwa ajili ya kutafsiri. Mikidadi alikuwa ameshaamua jibu: akiulizwa, angesema mtu mmoja ni mgonjwa. Hakuulizwa. Bwana yule alipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika penye pengo, akasimama.

Aliinua macho. Askari wote wale alikuwa amewatazama kwa kuinama kidogo, maana aliwazidi kimo. Hapa aliinua macho, kama atazamaye mtu aliye sawa naye. Akatabasamu. Akasema neno kwa Kiingereza, akamgeukia Stefano.

Stefano alikuwa mtu wa skuli, shati lake halikosi pasi. Rangi ilimtoka usoni. Lakini kazi ni kazi, naye akaiambia hewa, kwa sauti iliyokauka, "Bwana anauliza, nishani hiyo ya fedha uliipata wapi."

Bendera ilipepea, mlingoti ukalia. Bwana yule alitikisa kichwa taratibu kama anayeambiwa jambo la huzuni, akagusa ukingo wa kofia yake, akaendelea na wa nne. Na upepo ukaleta pale uwanjani, palipokuwa pakavu mpaka ardhi imepasuka, harufu ya tope bichi na blanketi la sufu lililolowa siku nyingi.

Mikidadi aliijua harufu ile. Alikuwa ameilalia miezi mitano.

Baada ya gwaride Stefano alimvuta kando, akamwuliza kwa kunong'ona yule askari aliyeongea na mgeni alikuwa amejificha wapi. Mikidadi akamwuliza askari gani. Stefano akasema, bwana amesema ndani ya gari kwamba amefurahi kuongea na yule askari mrefu mwenye kovu shingoni.

*

Nyumbani mambo yalianza mchana, saa za watu kujilaza, wakati nje hapasikiki hata jogoo. Buti. Zilikuja kutoka upande wa barabara, nzito, za mtu asiye na haraka, zikakanyaga changarawe, zikasimama kizingitini. Mikidadi alipofungua mlango hapakuwa na mtu, ila kizingiti kilikuwa na alama za tope jeusi ambalo halipo Nachingwea.

Aliporudi kazini siku moja jioni alimkuta Mwantumu amekaa jikoni, mikono imelala mapajani, moto umezimika.

Akamwuliza kuna nini.

"Nilisikia viatu," alisema polepole. "Nikadhani ni wewe. Nikasema karibu."

"Halafu?"

"Akaingia."

"Nani aliingia, Mwantumu?"

"Sikumtazama. Nilikuwa nimeinamia chungu. Alipita nyuma yangu, akaenda kukaa pale unapokaa wewe, na kiti kililia. Nikajua si wewe. Kiti hakikulilii wewe." Akamtazama, macho yake yamejaa hofu. "Mikidadi, aliniuliza Zaitun amekuwa mkubwa kiasi gani."

Mume mwingine angemkumbatia mkewe wakati ule. Mikidadi aliuliza, "Ukamjibu?"

"Nani angenyamaza? Mtu akikuuliza mwanawe?"

Tangu siku hiyo ndoa ikawa ya watatu, kisha, kidogo kidogo, ikaelekea kurudi kuwa ya wawili. Upande wake wa kitanda ulikuwa umelowa kila alipotaka kulala, godoro linatoa maji ukilibonyeza, naye akahamia mkekani. Chai iliyomiminwa kwa ajili yake aliikuta imenywewa nusu. Jirani aliyemsalimia kila siku alimsalimia mtu aliyeko hatua moja nyuma yake. Na uwanjani, alipotoa amri, aliona kwamba wale askari, watu aliowafundisha mwenyewe mpaka kupumua, walisubiri kidogo kabla ya kutii, masikio yao yakielekea kwenye lile pengo, kama wasubirio kuthibitishiwa na mkubwa.

Ilipofika hapo Mwantumu mwenyewe ndiye aliyesema waende Chunyu, upande wa Ruangwa, kwa Bi Mwamini, mama mtu mzima aliyesifika kwa kupunga pepo na kusoma dua. Njiani, wamekaa kwenye gari la mizigo juu ya magunia ya ufuta, Mikidadi alimwuliza swali alilolificha miaka.

"Kama tungerudi wote wawili, ungemchagua nani?"

Mwantumu alitazama vumbi lililokuwa likibaki nyuma yao. "Nilipokuchagua wewe hakuna aliyenishika mkono," alisema. "Hilo halikutoshi?"

Lilikuwa jibu zuri kuliko alilostahili. Lakini yeye alisikia tu kwamba hakujibiwa.

*

Bi Mwamini alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na ulimi mkali. Alichoma ubani na udi kwenye chetezo, akasoma, akaishika ile nishani akaipeleka puani, akakunja sura.

"Marehemu wenu amelala," alisema. "Msimsingizie. Aliyekufa hana safari tena. Huyu ni karini wake, yule jini anayezaliwa na mtu na kutembea naye. Mtu akizikwa kwa utaratibu, naye huachiliwa. Huyu hakuachiliwa. Ameachwa porini hajui bwana wake yuko wapi, amekaa kwenye hii fedha, akaja nayo. Na jini hujua jambo moja tu, kile alichokizoea. Amezoea mke huyu, mtoto huyu, na kusimama kwenye mstari. Akikuona wewe umesimama hapo, wivu unamla. Jini lenye wivu halichoki, baba. Sisi tunachoka."

Mikidadi aliuliza kwa nini limemfuata yeye, wakati nishani ilikaa Mtua miaka miwili kwa amani.

"Ulipoivaa uliivaa wapi?"

Mwantumu aligeuka akamtazama kifuani, upande wa kushoto, mahali ambapo kitambaa cha sare kilikuwa na matundu mawili madogo ya pini, kisha akatazama chini.

"Nimeishi na askari wawili," Bi Mwamini akaendelea, kama hakuona kitu, "mmoja mume na mmoja pepo, na wote nimewatoa kwa heshima, maana askari humtoi kwa fimbo. Haya niambie. Huko kwenu mtu hutoka vipi kwenye mstari?"

"Hutawanywa. Huamriwa."

"Huyu aliamriwa?"

"Hapana. Tulikimbia."

"Ndiyo maana bado amesimama. Nani wa kumwamuru? Wewe kwake ulikuwa nani?"

"Koplo wake."

"Koplo humtawanya sajini?"

Mikidadi alikohoa. "Hapana. Humpigia saluti, akamwomba ruhusa. Mkubwa ndiye anayeruhusu."

"Umejijibu mwenyewe. Nishani ihamie kulia. Usimame mbele yake, umpe saluti yake, umwite kwa cheo chake, umwombe ruhusa. Akikuruhusu atakuwa amejiruhusu na mwenyewe. Usimpigie kelele, sema naye kama na mtu aliye karibu. Na neno moja baba, lishike." Akamwelekezea kidole. "Usimwamuru. Ukiamuru mahali ambapo huna mamlaka, amri huwa haiendi mbele. Inarudi."

*

Walifanya mchana, uwanja ukiwa mtupu, siku ya Ijumaa watu wamekwenda msikitini. Mikidadi alivaa sare yote, nishani kulia. Koplo Augustino alikubali kuja kusimama mahali pake, ili kiwiko chake kionyeshe mtu yuko wapi, akauliza tu kama anaweza kushika rozari, akaambiwa ashike. Bi Mwamini na Mwantumu walikaa ukingoni mwa uwanja na chetezo.

Moshi wa ubani ulikwenda moja kwa moja, haukutawanyika, ukafika kando ya Augustino ukazunguka kitu, ukapanda kwa umbo la miguu, la kiuno, la mabega mapana, ukafika juu na kuinama kidogo upande mmoja kama vile shingo hapo ina jeraha, na harufu ya tope ikaja nzito mpaka Augustino akafumba macho na midomo yake ikaanza kwenda upesi kwenye sala zake, na Mikidadi akatembea, mguu mmoja, mwingine, akisikia nyuma yake kikohozi cha Bi Mwamini na mbele yake matone, tone, tone, maji yakidondoka kutoka kwenye nguo za mtu na kuingia kwenye ardhi kavu, mpaka akasimama mbele ya kile kilichokuwa pale, akainua macho kama yule bwana wa London alivyoinua.

Alijua la kufanya. Mkono wake ulianza kupanda.

Hapo akasikia mkewe analia. Hakulia kwa hofu. Mikidadi aliijua sauti ile, ilikuwa ya Novemba. Alitupa jicho pembeni akamwona Mwantumu ameinuka, kanga imeshuka mabegani, anautazama ule moshi jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama yeye, na kila kitu alichokuwa amekimeza tangu Kabaw kilimpanda kooni: kubebwa mgongoni kama mtoto, nishani isiyo yake, majirani, kofia zilizovuliwa, jina lile asilopewa. Alifikiri, huyu amekufa sajini. Mimi leo ni sajini meja. Nani mkubwa hapa?

Mkono wake ulifika kwenye kipaji, ukafuta jasho, ukashuka. Kutoka ukingoni mwa uwanja ilionekana saluti.

Na kwa sauti ya chini, ambayo hakuna aliyeisikia ila mmoja, alisema, "Askari Jumaa Mbaruku. Nakuamuru. Tawanyika."

Moshi haukutikisika. Kilichotikisika ni mguu wake mwenyewe wa kulia. Kisigino kilizunguka, mwili ukafuata, ukageuka kulia kikamilifu kama ulivyofundishwa, mkono ukapiga saluti aliyomnyima, na miguu ikamchukua hatua baada ya hatua nje ya mstari, naye ndani yake akipiga breki kama mtu aliye ndani ya gari linalorudi nyuma mlimani.

Alipopata kusimama, moshi ulikuwa umetawanyika. Harufu ilikuwa imekwisha. Augustino alifungua macho, akapapasa kwa kiwiko, akacheka kwa furaha kwamba hakugusa kitu.

"Umemwomba?" Bi Mwamini aliuliza, macho yake makali usoni pake.

"Nimemwomba," alisema Mikidadi.

"Akakuruhusu?"

"Ameruhusu."

Mama yule alimtazama kwa muda, akakusanya makaa yake. Alikataa malipo. Alisema atachukua siku nyingine, akisikia habari.

*

Jumapili ya Novemba ilikuja na mgeni mkubwa kuliko wote, jenerali mstaafu aliyepita kuwakumbuka watu wa vita vyake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeosha uwanja. Mikidadi aling'arisha shaba, akapiga pasi, akapachika nishani ya Jumaa kulia kama ilivyotakiwa, akatoka. Safu ilinyooka kama uzi. Pengo halikuwapo. Alihisi amani aliyoisahau, akaenda kusimama mahali pake mwanzo wa safu, peke yake, pale ambapo mgeni hufika kwanza.

Jenerali alikuja na Kapteni. Walifika mbele ya Mikidadi. Mikidadi alitoa saluti ya maisha yake.

Macho ya jenerali yalimpenya kama kioo, yakaenda kwenye mikorosho iliyo mbali. Kapteni alikunja uso, akamwita Stefano kwa sauti ya kuudhika, akauliza kwa nini sajini meja hajafika mahali pake na pameachwa wazi namna hii siku kama ya leo.

"Nipo, bwana," alisema Mikidadi.

Stefano aliangaza huku na huku. "Huyo anakuja, bwana," akasema, uso wake ukafunguka kwa nafuu.

Kutoka safu ya mbele, kati ya mtu wa tatu na wa nne, alijitokeza mtu mrefu. Alitembea bila haraka, buti zake nzito, akaja mpaka mwanzo wa safu, akasimama mahali pa Mikidadi, na Mikidadi akasikia baridi ya maji ikipita mwilini mwake kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Nishani ya fedha ilikuwa kifua cha kushoto. Jenerali aliishika kwa vidole viwili, akasoma jina lililochorwa ukingoni, akampa mkono. Augustino, kwenye nafasi yake, alitazama mbele bila kupepesa, kama mtu anayejitahidi kukumbuka kitu.

Mikidadi alijipapasa kifuani. Kulia hapakuwa na kitu. Kushoto hapakuwa na kitu.

Kisha ikaja saa yenyewe. Kofia zikavuliwa. Stefano akasoma majina ya waliolala Burma kwa sauti ile aliyoitunza kwa siku hiyo, moja baada ya moja, na mahali ambapo miaka yote lilisomwa jina la Jumaa alisoma, wazi, bila kusita, "Koplo Mikidadi Shaban, wa Ruponda."

Tarumbeta ikapigwa. Ilikuwa kwa ajili yake. Jenerali aliinamisha kichwa kwa ajili yake, bendera ikashuka kwa ajili yake, shada la maua likawekwa juu ya nyasi zilizolowa kwa ajili yake, na kule kwa wanawake Mwantumu binti Kaimu alijifunika uso kwa kanga, akalia kidogo, kama mtu amliliavyo rafiki wa mumewe. Kwa muda ule mfupi, Mungu amsamehe, Mikidadi alifurahi.

Furaha ilikwisha kimya kilipokwisha. Watu walivaa kofia, wakaanza kuongea juu ya chakula. Alimkimbilia mkewe. Alimwita njia nzima, akitembea pembeni yake, akimwambia kila kitu, kuhusu saluti, kuhusu jasho, kuhusu amri, akimwomba msamaha kwa maneno ambayo angeyasema kwenye gari la ufuta yangetosha. Mwantumu alipandisha kanga begani kama mtu aliyepigwa na upepo wa mvua.

Nyuma yao zilikuja buti.

Mlangoni Mwantumu aligeuka. Uso wake ulikuwa wazi na mwororo, na macho yake yakampita Mikidadi yakaenda juu zaidi, kwenye kimo cha mtu mwingine.

"Karibu, Baba Zaitun," alisema.

Kiti kililia ndani. Zaitun alikuja kizingitini, akasimama akitazama pale aliposimama Mikidadi, akanusa.

"Mama, kuna mtu hapa nje? Kunanuka tope."

"Hakuna mtu. Funga mlango, baba yako amechoka."

Mlango ukafungwa. Mvua ikaanza, nene, kama ile ya kule. Mikidadi Shaban, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi, alikusanya visigino, akanyoosha mikono ubavuni, akakaza macho mbele, akaanza kungoja kwenye tope mtu wa kumtawanya.